Cheche Ni Chuma?

Miguu ya Masila haikuisha siku moja. Ilianza na kiatu. Alitoka kwa kibanda chake cha kuchomelea akaenda kwa mama wa chai, hapo tu kando ya barabara ya Namanga, na akafika na kiatu kimoja. Ile ya kushoto ilikuwa imebaki nyuma kwa vumbi, na yeye hakuwa amesikia ikitoka. Watu wakacheka. Yeye pia akacheka. Mama wa chai akamwambia, "Fundi, leo umeanza mapema."

Masila hanywi. Ni mzee wa kanisa, yeye ndiye hupitisha kapu ya sadaka akiwa na suti ya kijivu. Alirudi akachukua kiatu, akakung'uta, akavaa, na hapo ndipo akaona hata mawe hakuwa anasikia kwa nyayo. Ni kama alikuwa anakanyaga godoro.

Huyu ni fundi wa mageti. Watu wa Kitengela wanajenga ni kama wameambiwa simiti inaisha kesho, na kila nyumba, hata kama bado haina paa, inataka geti. Ukipita huko Milimani ukaona geti nyeusi iko na simba wawili wa dhahabu wanaangaliana, na mmoja amekaa ni kama anataka kupiga chafya, hiyo ni ya Masila. Simba wake huwa hivyo. Alikuja kutoka Machakos akiwa kijana, akanunua mashine ya kuchomelea, akanunua grinda ya kukata vyuma, akaoa Mwelu, wakapata Kimanzi ambaye saa hii yuko kazi huko Magadi kwa joto. Na akapata Sankale.

Sankale alikuja kununua mlango wa boma akabaki. Hivyo tu. Ni Mmaasai wa upande wa Isinya, mrefu mpaka kwa kibanda anatembea akiwa ameinama, na alisimama kuangalia vile mlango wake unachomelewa, akauliza kama anaweza kujaribu, na miaka ikapita. Siku hizi ukitaka geti unapata wawili, Mkamba anakata na Mmaasai anachomelea, wote wanabishana.

Sasa, baada ya kiatu kukaja kiuno. Halafu magoti yakaanza kukubali na kukataa. Akashika fimbo. Halafu fimbo haikutosha, Sankale akawa anambeba mgongoni kutoka kwa nyumba mpaka kwa kibanda, kwa sababu Masila alikataa kukaa nyumbani, alisema heri akae kwa ndoo akimpigia Sankale kelele.

Daktari wa Kajiado alimlaza kwa kitanda akatoa ufunguo mfukoni, akamkwaruza nyayo.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Wapi?"

"Kwa roho."

Daktari hakucheka. Alisimamisha picha ya CT, ile walikuwa wamempiga mgongo, kwa mwangaza, akaeleza pole pole. "Hii ilinionyesha mifupa. Haijanionyesha kitu iko ndani ya mifupa. Mzee, wewe ni fundi. Chukua paipu iko na waya ya stima ndani. Paipu ikikanyagwa, unaweza ona imejikunja tu kidogo, lakini waya huko ndani inafinywa. Ikifinywa sana inakatika. Kuna kitu inafinya waya yako. Siwezi kupasua mgongo kama sijui iko wapi. Nataka MRI, ile picha inaonyesha mpaka waya, na nataka haraka. Nikichelewa, hata nikitoa hiyo kitu, miguu inaweza kukataa kurudi."

Masila alielewa vizuri kuliko vile alitaka. Paipu alikuwa amekanyaga nyingi.

Laini ya hospitali kubwa ilikuwa ndefu mpaka ungepona ama ukufe ukingoja. Kwa hivyo ni kwenda kwa watu binafsi, pale Kitengela, kwa ghorofa ya vioo. Pesa ilitoka wapi, hiyo wacha. Kanisa ilitoa, watu wa Machakos wakatoa, mafundi wa ile laini ya vibanda wakapitisha kofia, na huko kwa kina Sankale ng'ombe mmoja akapungua bila mtu kueleza.

Asubuhi ya kwenda, Mwelu alimwosha miguu kwa karai. Alimwaga maji, akaanza kusugua, halafu akatoa mikono yake haraka. Maji ilikuwa moto. Alikuwa amesahau kuweka baridi. Akaangalia nyayo za bwanake, zimekuwa nyekundu kama nyanya, na yeye amekaa tu kwa stuli, anafunga vifungo vya shati.

"Baba Kimanzi."

"Nini?"

"Hakuna. Vaa koti."

Pale kwa vioo kulikuwa na baridi ya mashine na kimya ya benki. Sankale alimweka kwa kiti, akakunja shuka yake, akasimama kwa ukuta ni kama analinda mali. Kando ya Masila kulikuwa na mama mmoja wa miaka imeenda, kitenge cha nguvu, miwani imefungwa na kamba. Mwalimu Apondi, alistaafu huko magharibi, sasa anakaa kwa binti yake hapo mbele. Aliwasalimia wote watatu na mkono, halafu akauliza bila kuzunguka.

"Ni mara yako ya kwanza, baba?"

"Ya kwanza."

"Mimi ya tatu. Wacha nikuambie, kwa sababu hawa watoto wa hapa wanaeleza haraka ni kama wameshikwa na choo." Akasogeza kiti. "Kwanza wanakuvua kila kitu. Mshipi, saa, pete. Wanakupatia gauni ya kufungwa nyuma, haina heshima hata kidogo. Unalala kwa kitanda nyembamba, wanakusukuma kwa shimo."

"Shimo namna gani?" Mwelu akauliza.

"Chukua pipa ya maji, ilaze, toa pande zote mbili. Wewe uko katikati. Pua iko hapa, dari iko hapa." Akaweka kiganja mbele ya uso. "Dawa ni moja, usifungue macho. Mimi mara ya kwanza nilifungua nikaona nimezikwa. Nikasema Zaburi zote nimewahi kusikia, zikaisha, nikaingia wimbo wa taifa."

Sankale akacheka na pua.

"Cheka tu, mtu mrefu. Wewe hata hauwezi kutoshea. Halafu inaanza kelele. Mtu anagonga mabati. Amechoka na mabati, anatoboa ukuta. Ukifikiri ameenda nyumbani, anarudi na grinda."

"Grinda mimi nimezoea," Masila akasema.

"Basi utalala. Wanakuziba masikio, wanakupatia mpira ya kushika. Ukishindwa, unafinya, wanakuja kukutoa. Lakini kitu moja." Mwalimu akainua kidole vile tu alikuwa akiinua kwa darasa. "Usisonge. Mimi kidole cha mguu kiliniwasha, nikakikuna na kile kingine, hivi tu, kidogo. Nikasikia sauti ya msichana kwa masikio: mama umesonga, tunarudia. Yeye yuko chumba ingine nyuma ya kioo. Kidole cha mguu. Hapo nikajua hawa hawadanganywi."

"Inauma?"

"Haiumi. Inakuacha tu na mawazo yako, na hayo ndiyo mabaya."

Halafu akaitwa, akaenda na mkoba wake, anatembea sawa sawa. Masila alimwangalia miguu mpaka akapinda kona.

Mwalimu alipomaliza, akaja yule msichana mwenyewe wa sauti, Tabitha. Mdogo, nguo ya bluu, viatu vya kukimbia. Alipiga magoti mbele ya Masila ili waonane uso kwa uso, na hiyo Mwelu aliipenda.

"Mzee, niko na maswali, unijibu ukweli. Uko na kile kifaa cha kusaidia moyo? Umewahi kupigwa risasi? Meno ya kuwekelea? Skrubu kwa mfupa?"

"Hapana. Hapana. Yangu yote. Hapana."

"Unafanya kazi gani?"

Na hapa ndipo. Masila alikuwa na suti ya kijivu, viatu Mwelu alikuwa amepiga rangi, na alikuwa amekaa kwa nyumba ya vioo, sakafu inaonyesha uso. Mtu akikaa hapo hasemi yeye ni wa grinda.

"Niko na biashara," akasema.

"Sawa. Uko na chuma yoyote ndani ya mwili?"

"Hapana."

Na hakudanganya. Muulize fundi yeyote wa ile laini chuma ni nini. Chuma ni kitu inakuja na lori, inauzwa kwa urefu, unaibeba kwa bega. Kuna ya mraba, kuna ya mviringo, kuna bapa. Chuma mtu hawezi kuwa nayo ndani kama hajapata ajali mbaya. Masila aliangalia mwili wake wote kwa mawazo, kichwa mpaka chini, hakuona chuma.

Wakamvua. Mshipi, saa, pete. Pete ilikataa, Mwelu akaitoa na sabuni, akaivaa kwa kidole gumba chake ili isipotee. Wakamhamisha kutoka kwa kiti cha magurudumu cha kawaida, wakamweka kwa kingine cha plastiki.

"Hicho kina shida gani?" Sankale akauliza.

"Kina chuma," Tabitha akasema. "Hiyo mashine huko ndani ni sumaku. Kubwa mpaka huwezi fikiria. Na haizimwi, hata saa hii hakuna mtu ndani inavuta tu. Hicho kiti kikivuka huu mlango kinaruka chenyewe mpaka kwa shimo, na kama mtu yuko katikati, basi."

"Kumbe ni sumaku." Sankale alifurahi, alikuwa amefikiria ni kitu ngumu. "Si hata sisi tuko nayo. Hii ya spika, ya kutoa che—"

Neno lilikatika ni kama limekatwa na tindo. Akaangalia Masila, na Masila alikuwa tayari anamwangalia.

Kwa kibanda, kwa msumari kando ya kalenda, kunaning'inia sumaku. Ilitolewa kwa spika ya redio iliyokufa, imefungwa na waya. Fundi yeyote akiingiwa na cheche kwa jicho anakuja hapo, hata wale wa mwisho wa laini. Anainua uso juu, Sankale anamfungua jicho na vidole viwili, anapitisha ile sumaku karibu karibu, anaizungusha pole pole ni kama anabariki mtoto. Na mara nyingi ile kitu inaruka, inashika kwa sumaku, nyeusi, ndogo kuliko kiroboto. Mtu anapangusa machozi, anarudi kazi. Hospitali ya nini.

Ya Masila ilikuwa siku walikuwa na haraka ya geti ya mtu wa kanisa. Miwani ya kazi ilikuwa imekwaruzika mpaka haionyeshi, akaitoa. Cheche ikaingia jicho la kushoto. Sankale akaleta sumaku, akazungusha, na Masila akasikia ile kitu huko ndani ikivuta. Ilivuta, ikauma mpaka akashika shuka ya Sankale, na haikutoka. Jicho likawa jekundu, likavimba, likatulia. Sankale akasema imeyeyuka. Wote wawili wanajua moto unahitajika ndio hiyo kitu iyeyuke, lakini geti ilikuwa inangojewa.

"Ya kutoa nini?" Tabitha akauliza.

Masila akatikisa kichwa, kidogo tu, vile humtikisia Sankale mteja akiwa hapo na bei inaongelewa. Usiseme.

"Ya redio," Sankale akasema. "Ya kusikiza redio."

Akageuka akaangalia ukuta.

Kiti kikaanza kusukumwa. Masila alikuwa amefikiria vizuri, msimwone mjinga. Akisema, anarudishwa nyumbani. Akirudishwa, waya inazidi kufinywa. Asubuhi hiyo Mwelu alimwosha na maji ya moto na yeye hakujua mpaka akaona uso wa bibi yake. Jicho ni moja, na ako na lingine. Miguu ikienda inaenda yote. Na labda ile kitu ilitoka yenyewe kwa machozi. Labda haikuwa kitu.

Mlango ulikuwa mzito kama wa sefu. Tabitha akauvuta, baridi ikatoka, na sauti, chwi, chwi, chwi, kama kuna ndege amefungiwa huko. Akaona ile mashine. Nyeupe, safi, na shimo katikati.

Na jicho la kushoto likamwasha. Sijui kama lilimwasha kweli ama ni hofu, hata yeye hakujua. Lakini alikumbuka vile ile sumaku ya spika, ya kutoshea kwa kiganja, ilivyomfanya ashike shuka ya mwanamume mwenzake akilia. Hii ilikuwa nyumba mzima.

"Madam."

"Eeh, mzee. Usiogope."

"Cheche ni chuma?"

Kiti kikasimama. "Cheche gani?"

"Ya grinda."

"Iko wapi?"

Akagusa jicho. Hakuna mtu amewahi kuona kiti cha plastiki kikigeuzwa haraka hivyo. Tabitha alimrudisha mpaka kwa ukuta wa mbali, akafunga mlango na mgongo wake, akabaki ameegemea hapo, anapumua.

"Mzee, nilikuuliza."

"Uliniuliza chuma."

"Umesema biashara."

"Ni biashara."

Tabitha akasema kwa sauti ya chini, na hakuwa anagombana, "Hiyo kitu ikivutwa ikiwa ndani ya jicho inazunguka kama wembe. Ungetoka huku huoni."

"Na miguu?" Masila akauliza. "Nikitoka huku sioni, lakini wamepata hiyo kitu iko kwa mgongo. Si daktari angetengeneza miguu?"

Tabitha akashika kiti, akakisukuma tena. Alimpeleka eksirei ya macho, hapo hapo, mlango wa pili, akisali iwe safi. Haikuwa safi. Kwa ile picha nyeusi, ndani ya shimo la jicho la kushoto, kulikuwa na nukta nyeupe. Ndogo. Ukiwa na haraka ungefikiri ni uchafu wa kioo. Tabitha mwenyewe akapangusa kioo na kidole, nukta ikabaki.

Hakuna MRI leo. Hakuna mpaka daktari wa macho aitoe.

Huko nje upepo wa Kitengela ulikuwa unabeba vumbi na karatasi za nailoni. Sankale alimweka Masila kwa ukuta wa maua akaenda kutafuta tuktuk. Mwelu alikuwa bado amevaa pete ya bwanake kwa kidole gumba, anaizungusha.

"Si ungenyamaza," akasema.

Masila akamwangalia.

"Ungenyamaza tu. Ulikuwa umefika kwa mlango." Akafunika mdomo na leso. "Mungu anisamehe. Sijui nasema nini."

"Unasema kitu hata mimi nasema."

Sankale akarudi, hakuwa na tuktuk, alikuwa amesahau ni nini alienda kutafuta. Akachuchumaa mbele yao. "Ni mimi," akasema. "Mimi na hiyo takataka yangu ya spika. Ningekupeleka hospitali siku ile."

"Na geti ingemalizwa na nani?"

"Geti." Sankale akatema mate kando. "Hata huyo mtu hajawahi kuifunga. Iko wazi kila siku, mbuzi zinaingia."

Wakacheka, wote watatu, vibaya vibaya, na Mwelu akalia hapo hapo kwa kicheko.

Daktari wa macho alipatikana, lakini si kesho yake. Kila mahali kulikuwa na mtu mbele. Wakati alipatikana, alimwangazia taa akachukua muda, halafu akavuta kiti. Cheche ilikuwa imekaa ndani sana na imeshika kutu, akasema. Anaweza kuitoa. Lakini kutoa kwenyewe kunaweza kuharibu jicho, hawezi kuahidi kama litaona tena. Mzee aende nyumbani afikirie na familia.

"Ni la kushoto?" Masila akauliza.

"La kushoto."

Masila akanyoosha mkono wa kulia mbele, kidole gumba juu, akafunga jicho la kushoto, akamwangalia daktari kwa kidole ni kama anapima mlango kama umenyooka.

"Hilo mimi hulifunga kila siku nikiwa kazi," akasema. "Toa."

Ikatolewa hiyo cheche, na jicho likafungwa bendeji, likavimba, likakataa kutulia, na daktari akasema wangoje uvimbe ushuke, hakuna kwenda mahali. Na hizo siku za kungoja ndizo zilikuwa mbaya. Kila asubuhi Mwelu alikuwa anakaa mwisho wa kitanda, anafunua blanketi, anamfinya miguu kuanzia juu.

"Hapa?"

"Hapo nasikia."

"Hapa?"

"Nasikia."

"Hapa, kwa goti?"

"Kwa goti nasikia."

Alikuwa anasikia kitanda kikicheza, basi. Akisikia kitanda kikicheza anahesabu ameshafika goti, anasema nasikia. Mpaka asubuhi moja Mwelu akakaa hapo mwisho wa kitanda, akafunua blanketi, akatingisha tu godoro na mkono.

"Hapa?"

"Nasikia," Masila akasema.

Mwelu alifunika miguu, akaingiza blanketi pande zote vizuri, vile mtu hufunika mtoto, akaenda kuwasha jiko. Masila akabaki anaangalia mabati na jicho moja.

Siku ya kurudi kwa vioo, Tabitha aliwangoja kwa mlango. Wakapiga eksirei ya macho tena, ikawa safi, nyeusi yote. Akapiga magoti vile vile.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Fundi wa mageti. Nakata na grinda."

"Uko na chuma yoyote ndani ya mwili?"

"Nilikuwa nayo."

Wakamvua, wakampatia ile gauni. Sankale akasaidia kumlaza kwa kitanda cha plastiki, akanyoosha miguu yake sawa, mmoja mmoja, ni kama anapanga vyuma, halafu akatoka. Tabitha akamziba masikio, akamfunga mkanda kiunoni, akamwekea ule mpira kwa mkono wa kulia.

"Ukishindwa, finya. Mimi niko hapo kwa kioo, nakuona mwili wote, na niko na sauti. Usisonge. Hata miguu, usisonge kabisa."

"Hiyo ya miguu usijali," Masila akasema.

Alitaka iwe mzaha. Tabitha alimgusa bega akaenda.

Kitanda kikaingia. Pua hapa, dari hapa, vile mwalimu alisema. Akafunga jicho lake moja. Kelele ikaanza, ile ya mabati kwanza, halafu ya kutoboa, na kweli ikaja grinda, na kwa grinda alitulia kidogo. Aliona kibanda. Aliona Sankale ameinama na cheche zinaruka kando yake kama maua.

Halafu akakumbuka kidole cha mguu cha Mwalimu Apondi. Mama alikikuna kidogo tu, na wakamwona.

Masila akaanza kazi. Hapo ndani ya kelele, mikono imetulia, kichwa kimetulia, alishuka na mawazo yake yote mpaka kwa mguu wa kushoto na akaambia kidole gumba kisonge. Alikiambia vizuri. Akakiambia tena kwa ukali, vile anaambia Sankale. Akahamia mguu wa kulia. Akavuta goti. Alivuta mpaka meno yakauma, mpaka jasho likaingia kwa bendeji, na kwa mawazo yake goti lilipanda, alikuwa na hakika limepanda, kidogo, ya kutosha mtu wa nyuma ya kioo kuona. Wacha waharibu picha. Wacha waanze upya, hata siku mzima. Alikuwa anangoja tu ile sauti imgombeze. Mzee, umesonga. Alikuwa anaiomba kama vile mtu anaomba mvua.

Kelele ikakatika. Kukawa kimya, na chwi, chwi, chwi.

Halafu sauti ya Tabitha ikaja kwa masikio, na ilikuwa na furaha, maskini, alikuwa anataka kumpa moyo.

"Vizuri sana, mzee. Picha imetoka safi. Sijawahi kupata mtu anatulia hivyo, hukusonga hata kidogo."

Mkono wa Masila ukafinya ule mpira. Akaufinya na asiuachilie.